Vitu vyenye kulala ndani ya nyumba: namna gani kupunguza bila kupoteza

Katika nyumba nyingi za Goma na Bukavu, chini ya kitanda kuko valizi, juu ya kabati kuko makartoni, na nyuma ya mulango kuko bidoni zenye hazina tena mufuniko. Radio ya zamani haisemi kitu, lakini hakuna mwenye anakubali itoke. Kila mutu anasema: "Siku moja itasaidia."

Wazo la kuishi na vitu kidogo linapita sana katika simu za vijana, na wazee wengine wanacheka: hayo ni mambo ya Wazungu wenye wamechoka na mali. Lakini walimu wawili wenye kujulikana sana wa wazo hilo wanatoka Japani. Hideko Yamashita alieneza neno "danshari": kukataa kitu kipya chenye hakihitajike, kutoa chenye kinajaa bure, na kufungua moyo usishikwe na vitu. Marie Kondo, katika kitabu chake, anaomba mutu ashike kila kitu mukononi na ajiulize kama kinamupatia furaha. Kama hapana, akiage kwa shukrani.

Japani ni inchi ya matetemeko. Ile ya tarehe 11 Machi 2011, pamoja na tsunami yake, ilionyesha wazi kama nyumba nzima inaweza kwisha kwa muda mufupi. Kwa hilo, Goma haihitaji kufundishwa. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya muji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na tarehe 27 wakaaji wa sehemu kubwa ya muji waliambiwa waondoke. Usiku kama huo, mwenye hajui diploma yake iko katika valizi gani, anaiacha.

Lakini kulundika vitu si ujinga. Mwaka wa 1993, zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3,000,000. Mwaka wa 1998, franka 1 ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Mwenye aliweka noti chini ya godoro alibaki na makaratasi. Mwenye aliweka mabati, vitenge ao mbuzi, alibaki na kitu. Ndiyo maana valizi ya vitenge ya mama ni banki yake, na mutoto mwenye kutaka "kusafisha" hana haki ya kuigusa.

Basi swali la furaha halitoshi hapa. Bati halifurahishe mutu, lakini kesho ni paa. Swali lenye kufaa ni hili: kitu hiki kinafanya kazi gani? Kuko vyenye kutumika kila juma. Kuko vyenye kulinda mali. Na kuko vyenye kulala tu.

Shida ni kwamba vyenye kulala vinajificha kati ya vyenye kulinda mali. Ili kuvitenganisha, mutu ajiulize: mutoto akigonjwa kesho, nitauza kitu hiki kwa bei gani, na nani atakinunua? Kitenge kipya kiko na bei. Kitenge chenye panya wamekula hakina tena. Simu yenye kufa leo fundi anaweza kuinunua kwa ajili ya vipande. Kisha miaka mitano hataiangalia. Bidoni na matairi yenye kushika maji ya mvua nyuma ya nyumba yanazalisha mbu. Akiba yenye kuoza si akiba tena.

Kazi yenyewe ianze na makaratasi: cheti cha kuzaliwa, diploma, karte ya uchaguzi, karatasi za parsele. Yote yaingie katika mufuko mumoja wa plastiki wenye kufungika, pahali penye kila mukubwa wa nyumba anapajua. Kisha, pembe moja kila siku ya posho, hata saa moja tu. Mwenye anatoa vyote siku moja, mara nyingi jioni anavirudisha namna vilikuwa.

Vitu vya mutu mwingine visitoke bila yeye kukubali. Vya marehemu, jamaa ikae pamoja, kila mumoja achague kitu kimoja cha ukumbusho, vingine vipewe wenye kuhitaji. Na chenye hakifai tena kisitupwe ndani ya mifereji, wala plastiki na batri visichomwe uani, kwa sababu moshi wake unaumiza watoto.

Kinachobaki ni mulango wa kuingilia, na ndio mugumu zaidi. Caguwa ya bei ya chini inavutia, na mufuko unajaa mbele mutu hajafikiri. Wengine wanajiwekea sheria: koti moja ikiingia, koti moja inatoka. Na franka za vitu vyenye viliuzwa ziingie katika likelemba siku ileile, kama sivyo, siku ya soko zitarudi nyumbani na sura ya kitu kingine.