Matembezi ya Siku Moja Pande za Karatu

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kueleza jinsi ya kupanga matembezi ya miguu ya siku moja katika nchi ya Karatu, chini ya milima ya Ngorongoro. Watu wengi hudhani ya kuwa pande hizo ni za wageni wenye magari yao tu. Sivyo. Mtu mwenye nauli ya basi, viatu imara na mpango mwema aweza kwenda, akatembea, na kurudi salama. Lakini mpango mwema hauanzi kwa saa ya kuondoka. Huanza kwa saa ya kurudi.

Kwanza tutazame njia. Reli itokayo pwani hukoma Arusha. Kutoka hapo safari ni ya barabara ya lami, kadiri ya kilometa 140. Basi hufika Makuyuni, hukata kulia, hupita Mto wa Mbu, kisha hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, na Ziwa Manyara likaonekana chini upande wa kushoto. Safari huchukua saa tatu hivi, na pengine huzidi, maana magari madogo ya abiria aghalabu hungoja yajae.

Sasa tufanye hesabu. Pande hizi jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja, na giza huingia upesi. Nasi twataka kufika Arusha kabla ya giza. Basi yatupasa kuondoka Karatu saa tisa. Kwa hiyo tutoke msituni saa saba u nusu, tupate nafasi ya kurudi mjini, kula na kutafuta gari. Matembezi yenyewe ni ya saa tatu: hapana budi kuanza saa nne u nusu. Kutoka stendi ya Karatu mpaka ukingo wa msitu, pamoja na kuonyesha vibali, tuweke saa moja u nusu. Ndipo twaona kwamba yatupasa kushuka Karatu saa tatu, na kuondoka Arusha saa kumi na mbili alfajiri. Akosaye basi hilo asiikimbize saa iliyopotea. Afadhali alale Karatu, aanze kesho yake.

Njia ifaayo kwa siku moja ni ile iendayo kwenye mapango ya tembo na maporomoko ya Endoro, ambayo huingia msituni upande wa kijiji cha Tloma. Mapango hayo yamechimbwa na tembo wenyewe, wakikwangua udongo kwa pembe zao ili wapate madini yenye chumvi. Msitu huo ni sehemu ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959. Haingii mtu bila kibali na bila askari wa hifadhi mwenye bunduki. Yafaa kuuliza habari za ada na askari siku kadhaa kabla ya safari. Sharti hili si la kuwasumbua watu. Nyati hulala vichakani karibu na njia, na nyati aliyeshtuliwa hutangulia kushambulia. Basi watu na wafuatane kwa mstari mmoja nyuma ya askari, wasipige kelele, na asibaki nyuma hata mmoja kwa sababu ya kupiga picha. Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye mzito kuliko wote.

Tukumbuke pia majira. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda mteremko wa mashariki na kusini wa milima hii, zikapoa, zikaacha mvua na ukungu. Ndiyo sababu upande wa Karatu una msitu, chemchemi, na mashamba ya kahawa na ngano, hali upande wa magharibi ni mkavu. Mvua hiyohiyo huufanya udongo mwekundu wa Karatu uteleze sana wakati wa masika, toka Machi hata Mei. Mwezi wa Juni ni mwema: njia zimekauka, na nchi ingali kijani. Lakini asubuhi ni baridi kali, nao ukungu huweza kufunika milima kwa saa nyingi. Sweta ni lazima.

Huenda mtu akauliza, je, hatuwezi kuongeza na kreta ya Ngorongoro siku iyo hiyo? Twamjibu: mshika mawili moja humponyoka. Sakafu ya kreta, yenye eneo la kilometa za mraba 260 hivi, haitembelewi kwa miguu; huingiwa kwa gari. Olmoti, ambako mto Munge huporomoka ukielekea kreta hiyo, na Empakaai yenye ziwa ndani yake, hutembelewa kwa miguu pamoja na askari. Lakini ziko mbali, na zahitaji gari la kukodi na siku yake yenyewe.

Vya kuchukua ni vichache: maji lita mbili kwa kila mtu, chakula kisicho na harufu kali, koti la mvua, sweta, na tochi, ijapokuwa hatukusudii kuitumia. Mtu aliyebaki nyumbani na aambiwe njia mtakayofuata na saa mtakayorudi, apate kuuliza mkikawia.

Mwisho, wekeni saa ya kugeuka, na ikifika mgeuke, hata kama maporomoko yasikika mbele yenu. Maporomoko yatakuwapo mwezi ujao; gari la saa tisa halingoji. Twawatakia safari njema.