Mmoja Anauliza Kama Linatembea, Mwingine Kama Linapendeza

Wakati wa likizo mama mmoja wa chama chetu alitujia na malalamiko. Binti yake wa darasa la sita alikuwa amefungua redio ya baba yake kwa kisu cha jikoni. Mdogo wake, mvulana, alikuwa amechora samaki ukutani kwa makala, toka mlangoni mpaka dirishani. «Mwalimu,» akasema, «hawa watoto wamebadilishana. Msichana anafanya kazi ya fundi, mvulana anacheza na rangi. Niwafanye nini?»

Tulimwomba awaache watengeneze kitu kimoja pamoja. Wakachagua gari la waya, kama yale yanayosukumwa kila siku katika njia za Katuba. Siku ya pili wakagombana. Msichana alikata magurudumu katika kandambili za zamani, akalisukuma gari, likatembea. «Limeisha,» akasema. Mvulana akakataa: halifanani na lori lolote! Akalipaka rangi, rangi ikagandisha gurudumu moja. Dada akalia kwa hasira. Mdogo hakuona kosa liko wapi, maana kwake gari lilikuwa zuri kuliko jana.

Ugomvi huo sisi walimu tunaukuta darasani. Mtoto wa ufundi ana mwamuzi nje yake: gurudumu linazunguka ao halizunguki. Ukimwambia amefunga waya vibaya, hanuni. Anafungua, anajaribu tena. Lakini unamwita kula mara tatu hasikii, na mara nyingi anamdharau mwenzake asiyeelewa upesi. Mtoto wa sanaa hana mwamuzi kama huyo. Hakuna wa kumwambia kwa hakika kwamba kazi imekamilika, ndiyo maana anafuta na kurudia. Ukiicheka picha yake, umemcheka yeye. Afazali kumwuliza alianzia wapi kuliko kumwuliza «Hiki ni kitu gani?»

Tunasema hivyo kwa sababu tulikosea. Mwaka mmoja tulirarua ukurasa wa mtoto aliyechora ndege saa ya hesabu. Hesabu yenyewe hakuipata, na mpaka mwisho wa mwaka hatukumwona akichora tena.

Hapa hapa Lubumbashi, ulipoitwa bado Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha mwaka 1946 karakana ya wachoraji iliyoitwa Hangar. Hakutaka waige picha za Ulaya. Bela akapaka rangi kwa vidole vyake, Mwenze Kibwanga akajaza picha kwa mistari mifupi-mifupi, Pilipili Mulongoy akachora samaki na ndege. Hata wasanii kwa wasanii hawafanani.

Na yule binti wa redio? Roboti zilizoanza kuongoza magari kule Kinshasa mwaka 2013, zenye mwili wa aluminiamu na kutumia nguvu ya jua, ni kazi ya mwanamke, injinia Thérèse Izay Kirongozi. Tuone pia kwamba roboti hizo zina kichwa na mikono kama mtu. Ufundi peke yake ungeweza kuridhika na taa juu ya nguzo.

Kuna na wale wanaobeba tabia zote mbili. Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2015, alikuwa mwalimu kama sisi kabla ya kujenga miji mizima ya karatasi na katoni, nyumba zake zikisimama imara na kung'aa kwa rangi. Mwaka 2018 miji hiyo ilionyeshwa New York, katika jumba la MoMA.

Yule mama tulimjibu kwamba hakuna aliyebadilishana na mwenzake. Hakuridhika sana. Lakini aliwapa watoto sanduku la vipande vya waya, vifuniko vya chupa na katoni, na ukuta mmoja, ule wa nyuma ya nyumba. Kuhusu gari walipatana wenyewe: kwanza rangi, ikauke, ndipo magurudumu.

Redio ya baba bado haisemi.