Kutu Ndani ya Jiko: Kwa Nini Chuma Huliwa Moto Ukizimika

Shule inapofungwa kwa likizo ya Desemba, moto wa mwisho huzimwa, mlango wa jikoni hutiwa kufuli, na jiko kubwa la kuni huachwa na majivu yake tumboni. Wapishi wanaporudi Januari, aghalabu hukuta magamba mekundu yameanguka chini ya dohani, na mlango wa jiko umekwama katika bawaba zake. Wengi husema kwamba moto ndio ulioliunguza bati. Kauli hiyo ina ukweli kidogo tu, kwani sehemu kubwa ya madhara hayo hutokea wakati jiko limepoa.

Uharibifu wa aina mbili

Moto huharibu chuma kwa njia yake. Chuma kilichopata joto kali huungana na oksijeni moja kwa moja, pasipo maji, na kufanya utando mgumu wa rangi ya kijivu au nyeusi. Joto likizidi sentigredi 570 utando huo hukua kwa haraka zaidi, na jiko likipoa hubanduka vipande vipande. Jiko la mkaa lenye kigae cha udongo ndani, lililoenea nchini Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza madhara hayo, kwa sababu kigae hukinga bati lisiguswe na makaa.

Kutu nyekundu ni jambo jingine, nayo haifanyiki bila maji. Chuma, maji na oksijeni vikikutana, sehemu moja ya chuma hutoa elektroni na kuyeyuka. Elektroni hizo hupita ndani ya chuma hadi sehemu nyingine, ambako hupokewa na oksijeni pamoja na maji. Hiyo ni betri ndogo sana isiyohitaji waya. Zao lake la mwisho ni oksidi ya chuma yenye maji ndani yake, ambayo huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Oksidi hiyo ni laini na ina vinyweleo. Kwa hiyo haikingi chuma kilichobaki chini yake, na ulaji huendelea.

Maji hutoka wapi?

Mwanafunzi aweza kuuliza: ndani ya jiko hakunyeshi mvua, maji hayo yametoka wapi? Jibu limo katika majivu. Majivu ya kuni yana kaboneti ya kalsiamu kwa wingi, kaboneti ya potasiamu, na kloridi kidogo. Kaboneti ya potasiamu hupenda maji mno. Katika joto la sentigredi 25, huvuta mvuke kutoka hewani hadi ikayeyuka, pindi unyevu wa hewa unapopita asilimia 43 hivi. Katika miaka ya 1920 na 1930, W. H. J. Vernon wa Uingereza alionyesha kwamba kutu ya chuma kilichoachwa hewani huongezeka ghafla unyevu unapopita kiasi cha asilimia 60, hasa hewa ikichafuliwa na dioksidi ya salfa. Kwa hiyo, bati lililofunikwa na majivu laweza kulowa katika hewa ambamo bati safi lingebaki kavu. Katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa, unyevu huvuka viwango vyote viwili kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Mwanafunzi makini wa kemia atapinga: maji ya majivu ni alkali, na alkali hukinga chuma, kama inavyokinga nondo ndani ya zege. Hoja hiyo ni sahihi, ila kinga hiyo hutobolewa na kloridi. Tena, ndani ya dohani hali ni kinyume. Moshi wa kuni mbichi hubeba mvuke wa maji pamoja na asidi ya asetiki, ile iliyomo katika siki. Moshi ukipoa, mchanganyiko huo hutua juu ya bati na kuacha masizi machachu.

Dohani iliyotoboka si hasara ya fedha tu. Kupitia tundu hilo, moshi na kaboni monoksidi huingia jikoni badala ya kutoka nje. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayeivuta kila siku ni mpishi.

Kinga na tiba

Kinga ni rahisi. Makaa yasizimwe kwa maji ndani ya jiko. Afadhali yatolewe nje na kufunikwa katika debe lenye kifuniko. Majivu yaondolewe kila siku jiko likisha kupoa. Kuni ziwe kavu. Dohani ivikwe kofia ya kuzuia mvua. Kabla ya likizo, jiko na dohani vipigwe brashi, kisha uwashwe moto mdogo wa kuni kavu ili kuondoa unyevu. Jiko likipoa na kusafishwa tena, sehemu za chuma zipakwe mafuta ya kula kwa kitambaa, utando mwembamba tu. Siku ya kufungua, moto wa kwanza uwashwe madirisha yakiwa wazi, kwani mafuta hayo yataungua na kutoa moshi.

Kutu ikisha kuingia, ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa. Kisha bati lote ligongwe polepole kwa nyundo ndogo. Penye sauti nzito au panapobonyea, bati limekwisha, na hapana budi kukata na kuweka jipya. Rangi ya kawaida haifai karibu na moto, wala bati la zinki, maana zinki huyeyuka kwenye sentigredi 420 hivi.

Jaribio la darasani

Misumari mitatu ya chuma kitupu isuguliwe kwa msasa na kuoshwa kwa sabuni, kisha ikaushwe. Majivu yakaangwe hadi yakauke. Msumari wa kwanza ufukiwe nusu katika majivu hayo ndani ya chupa iliyofungwa barabara. Wa pili katika majivu yaliyo wazi. Wa tatu katika majivu ya wazi yaliyochanganywa na chumvi. Majivu yapimwe uzito mwanzoni na kila baada ya siku mbili, na hali ya misumari iandikwe kwa muda wa majuma mawili. Darasa litakalolinganisha uzito wa majivu na hali ya misumari litajua la kufanya jikoni kabla kengele ya likizo haijalia.