Kibali cha ujenzi si karatasi moja: piga hesabu kabla ya kununua saruji

KILA masika yanapomalizika, maduka ya vifaa vya ujenzi Dar es Salaam na mikoani huchangamka. Mteja huingia na kuuliza bei ya mfuko wa saruji, nondo ya milimita 12, bati la geji 28 na lori la mchanga. Ni wachache wanaouliza swali ambalo likijibiwa vibaya linaweza kuwagharimu kuliko vitu vyote hivyo kwa pamoja, yaani, je, kiwanja hiki kinaruhusiwa kujengwa kitu ninachotaka kukijenga?

Kutokana na hali hiyo, ukurasa huu ambao kwa kawaida hushughulika na bei za bidhaa unaiangalia bidhaa nyingine, nayo ni kibali.

Jambo la kwanza ambalo mfanyabiashara anapaswa kulielewa ni kwamba anachokiita kibali ni majibu ya maswali mawili tofauti. Swali la kwanza ni la mipangomiji: je, ardhi hii imepangiwa matumizi gani, na jengo lenye ukubwa huu linafaa kukaa hapa? Swali la pili ni la jengo lenyewe: je, msingi, nguzo, mihimili, ngazi, choo na njia za kutokea moto zitakuwa salama kwa watakaolitumia? Nchini Uingereza maswali haya hujibiwa kwa taratibu mbili zilizo wazi, kila moja na sheria yake, na mtu anaweza kupata ridhaa ya mipango akakwama kwenye ridhaa ya ujenzi. Tanzania ilirithi mkondo huo. Sheria ya mipangomiji ya mwaka 1956 ilifuata ile ya Uingereza ya mwaka 1947, nayo ikaja kufutwa na Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007. Hata hivyo, kwetu maombi yote mawili hupitia mlango mmoja wa halmashauri, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa wakadhani jibu la swali moja limetosha.

Tuanze na ardhi. Chini ya sheria hiyo ya mwaka 2007, hakuna anayeruhusiwa kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo la mipango bila ridhaa ya mamlaka ya upangaji, ambayo mara nyingi ni halmashauri ya jiji, manispaa au mji. Hati ya kumiliki ardhi haitoshi. Hati inakupa haki ya kukaa juu ya kiwanja kwa masharti, na masharti hayo yameandikwa humo humo, ingawa wengi wetu huishia kusoma jina na idadi ya miaka. Kama hati inasema makazi, basi ghala la mbolea, gereji au baa katika kiwanja hicho ni ukiukaji wa masharti, hata kama jirani amefanya hivyo miaka kumi bila kuguswa. Dawa yake ni kuomba kubadili matumizi ya ardhi kwanza, ombi ambalo hutangazwa ili wenye pingamizi waseme. Vibao vya aina hiyo huonekana mara kwa mara katika viwanja vya mijini, na mwekezaji mwenye akili husoma pia vibao vya jirani zake.

Aidha, karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa si kibali cha ujenzi. Inathibitisha kwamba fulani alimuuzia fulani mbele ya mashahidi, basi. Haisemi kama kipande hicho kimo ndani ya hifadhi ya barabara, bondeni, au katika eneo lililotengwa kwa ajili ya shule. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi mita 60, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au kingo za mto. Wamiliki wa nyumba nyingi zilizobomolewa mwaka 2017 kando ya barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, hawakuwa wavamizi wa usiku. Wengi walikuwa wamenunua, wamejenga na wameunganishiwa umeme.

Sasa tuje kwenye namba, kwa kuwa mipangomiji nayo ina hesabu zake. Ofisi ya mipangomiji huangalia sehemu ya kiwanja inayofunikwa na jengo, na uwiano wa jumla ya sakafu zote kwa eneo la kiwanja. Tuseme kiwanja kina mita za mraba 600, na masharti ya eneo hilo yanaruhusu kufunika asilimia 50, na uwiano wa sakafu ni 1.5. Maana yake ni kwamba chini utajenga mita za mraba 300, na sakafu zote kwa pamoja hazitazidi mita za mraba 900. Hizo ni sakafu tatu za mita 300 kila moja. Ukiweka sakafu ya nne kwa ukubwa ule ule umezidisha mita 300 ambazo hazimo katika ramani, na umebebesha msingi mzigo ambao mhandisi hakuukokotolea. Viwango halisi hutofautiana kutoka eneo hadi eneo, kwa hiyo viulize kabla hujamlipa mchoraji, si baada ya kumlipa.

Hapa ndipo maswali yale mawili yanapokutana, na mji wa Dar es Salaam unaujua uchungu wake. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Viongozi walieleza baadaye kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zilizosimamishwa. Novemba 16, 2024, jengo jingine likaanguka Kariakoo, katikati ya maduka na wateja, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Hilo la pili halikuwa jengo jipya. Wenye maduka katika majengo ya zamani wakumbuke kwamba kuchimba chini, kuondoa ukuta ili kupanua fremu, au kuongeza ghorofa juu ya paa ni uendelezaji unaohitaji kibali sawa na jengo jipya.

Kwa upande wa jengo, halmashauri hutaka michoro ya usanifu na michoro ya miundo, pamoja na uthibitisho wa umiliki, ramani ya upimaji wa kiwanja na stakabadhi za kodi ya ardhi. Faili hilo hupita kwa ofisa mipangomiji, ofisa ardhi, mhandisi, ofisa afya na watu wa zimamoto. Kila mmoja ana jicho lake. Ofisa afya huangalia mwanga, hewa na umbali wa karo la maji taka. Wa zimamoto huuliza watu watatokaje ngazi moja ikizibwa na moshi. Miradi mikubwa kama hoteli, viwanda na vituo vya mafuta huhitaji pia cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, na eneo la ujenzi lenyewe ni mahali pa kazi panaposimamiwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

Michoro hiyo haichorwi na yeyote mwenye kompyuta. Kuna Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na Bodi ya Usajili wa Makandarasi ambayo huwapanga makandarasi kwa madaraja, la kwanza likiwa la juu na la saba la chini. Vishoka wa ramani wanaozunguka karibu na ofisi za halmashauri huuza mchoro uliokwisha tumika kwenye kiwanja kingine, wakibadilisha jina tu. Bei yao ni ndogo kwa sababu hawakupima udongo wako.

Je, ucheleweshaji una gharama gani? Tuseme mfanyabiashara amekopa shilingi milioni 400 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Riba ya mwaka ni milioni 72, sawa na milioni 6 kila mwezi. Akichukua fedha zote kabla ya kibali, kisha faili likarudishwa mara mbili kwa upungufu wa michoro na miezi mitatu ikapita, amelipa milioni 18 bila kuweka tofali hata moja. Kwa hesabu hiyo, ada ya msanifu na mhandisi waliosajiliwa si anasa. Vile vile ni busara kuiomba benki itoe fedha kwa awamu, ya kwanza ikianza baada ya kibali.

Ni kweli kwamba ofisi zetu zina uzembe wake, na malalamiko ya mafaili kulala mezani si ya uongo. Lakini anayeanza kujenga kwa matumaini kwamba kibali kitamkuta njiani anajiwekea mtego, kwani siku anapoandikiwa kwa rangi nyekundu asimamishe ujenzi, vibarua wanadai, saruji inaganda stoo, na anayekuja kumsaidia kimya kimya anajua mwenzake hana pa kukimbilia.

Kibali kikishatoka, kazi ya mamlaka haijaisha. Mkaguzi anatakiwa aone mtaro wa msingi na nondo kabla zege halijamwagwa, kwa maana zege likishamwagwa hakuna anayeona kilichomo. Zege la nguzo na jamvi huchukuliwa sampuli za kuvunjwa maabara siku ya 7 na siku ya 28. Mwenye jengo aombe nakala ya majibu hayo na aihifadhi pamoja na hati yake. Mwishoni hutolewa cheti cha kuruhusu jengo litumike, na hiki kisichanganywe na hati ya umiliki wa ardhi, ingawa majina yao rasmi kwa Kiingereza yanafanana na yamewahi kuwapoteza hata wanaojua kusoma mikataba.

Kwa wanaonunua mapagala, biashara ambayo imeshamiri pembezoni mwa miji, muuzaji adaiwe kibali, michoro yenye mihuri, na kumbukumbu za ukaguzi wa msingi. Kisha chukua futi ya kamba upime kilichojengwa ulinganishe na mchoro, pamoja na umbali wa ukuta hadi mpaka wa kiwanja. Muuzaji asiye na karatasi hizo kwa kawaida husema zilibaki kwa fundi. Katika hali hiyo toa kwenye bei gharama ya mhandisi wa kupima uimara wa jengo, ya kuchora michoro upya, na ya kuomba kibali cha kuendeleza. Likizidi mpaka, au likiwa ndani ya hifadhi ya barabara, usijadili punguzo lolote. Hapo kinachouzwa ni matofali tu, na gharama ya kuyabeba ni juu yako.