MARADHI YA HIMOFILIA NA KINGA YA MWILI

Wananchi na watumishi wa Serikali wanafahamishwa kwamba himofilia si maradhi ya kuambukiza. Ni upungufu wa kuzaliwa nao wa protini mojawapo ya kugandisha damu: ya 8 kwa himofilia A, ya 9 kwa himofilia B. Huwapata zaidi wanaume, na pengine hubainika siku ya tohara, damu isipokoma kutoka.

Tiba yake ya kawaida ni kudungwa protini inayokosekana. Hapo ndipo kinga ya mwili inapoingia. Mtoto mwenye upungufu mkubwa hajapata kuwa na protini hiyo. Kwa hiyo mwili wake huweza kuidhania kuwa ni adui, ukatengeneza kingamwili za kuiharibu. Hali hii huwapata takriban watu 3 katika kila 10 wenye himofilia A kali, aghalabu kabla ya kutimia siku 50 za kutumia dawa. Dalili yake ni kwamba dawa iliyokuwa ikizuia damu jana, leo haizuii. Mzazi asiharakie kumlaumu mwuguzi, bali aombe damu ya mtoto ipimwe kingamwili hizo.

Katika miaka ya 1970, waganga wa Bonn, Ujerumani, walithubutu kutoa protini ileile kwa vipimo vikubwa, tena kwa muda mrefu, mpaka kinga ikaizoea. Njia hiyo ni ghali mno. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha emicizumab, dawa ya kudungwa chini ya ngozi, ambayo hufanya kazi ya protini ya 8 bila ya kuharibiwa na kingamwili hizo.

Yalitokea pia mabadiliko ya namna nyingine. Julai 1982 ilitangazwa huko Marekani kwamba wagonjwa 3 wa himofilia A wamepata homa ya mapafu ya watu waliopungukiwa na kinga. Dawa za wakati ule zilitengenezwa kwa plazma ya maelfu ya watu, na virusi vya UKIMWI vilipita humo. Dawa zilizopashwa moto ziliizima hatari hiyo katikati ya miaka ya 1980, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuambukizwa.

Mgonjwa wa himofilia asipewe aspirini, wala asidungwe sindano ya msulini bila ya ushauri wa daktari. Na iwapo mjomba wa mtoto alipata kutokwa na damu nyingi, daktari aelezwe kabla ya tohara.