Kitabu cha Wafu

Ndugu, mtu wenu akifa nyumbani, tunawauliza alishikwa na ugonjwa gani, na siku gani, tunaandika. Wengine wanakasirika, machozi hayajakauka bado. Lakini sikieni.

Mwaka 1854 kolera iliua watu wengi London. Munganga John Snow alitazama kitabu cha serikali cha wafu, akapata 83. Karibu wote walikaa jirani na bomba la kisima cha Broad Street. Tarehe 8 Septemba mkono wa bomba uliondolewa.

Mchungaji Henry Whitehead hakumsadiki Snow mwanzoni. Baadaye akasoma kitabu kile tena, akaona mstari mmoja: mtoto wa miezi 5, alishikwa na kuhara siku 4 kabla ya kufa. Basi aliugua mbele ya wengine! Akamwendea mama yake. Huyu akamwambia kwamba maji ya nguo za mtoto aliyamwaga shimoni, mbele ya nyumba. Wakachimba: shimo lilivuja, na kisima kilikuwa karibu sana.