Vitu vya Kwanza katika Chumba cha Kupanga

Wasikilizaji, mtu apatapo chumba cha kupanga katika mji kama Dar es Salaam, aghalabu hukimbilia kununua kabati na viti, ili wageni wakija wasimcheke. Hivyo vyaweza kungoja mwezi wa pili.

Kwanza na anunue kufuli jipya, kwa kuwa hajui ni wangapi waliopata kushika ufunguo wa lile la zamani. Kisha chandarua kilichotiwa dawa, maana mbu aenezaye malaria huuma usiku. Hata akilala mkekani si neno, mradi pindo za chandarua zimekunjwa chini ya mkeka.

Habari ya vyombo vya maji yataka maelezo zaidi. Maji ya bomba hukatika, basi hapana budi kuweka akiba. Lakini pipa lisilo na kifuniko huwa makao ya mbu wa namna nyingine, mwenye madoa meupe miguuni, aletaye homa ya dengi. Huyu huuma mchana, wakati chandarua kimefungwa juu, na mayai yake yaweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Nunueni pipa pamoja na kifuniko chake, wala msimsikilize muuzaji asemaye kuwa sinia yatosha.

Mwisho jiko la makaa, lenye hatari kupita vyote. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Pikieni uani au barazani. Usiku wa mvua msiliingize jiko chumbani mkafunga dirisha, hata makaa yakionekana yamekwisha kufifia; liacheni nje mpaka asubuhi.